Kumwandika Staa wa Roki Anayetoka Mikindani

Unayetaka kuandika riwaya ya vijana yenye staa wa muziki wa kubuni, anza na hela. Gitaa kalipata wapi? Wa kwangu anaitwa Somoe, binti wa Mikindani, Mtwara, aliyeng'ang'ania roki wakati mtaa mzima unacheza singeli. Nilimpa gitaa la umeme la mtumba mwezi Novemba, baba yake ametoka kulipwa hela za korosho, kabla wadai hawajapiga hodi. Ningeliweka mwezi Machi, msomaji wa Kusini asingeniamini.

Kisha kaa na chombo chenyewe. Mimi niliazima gitaa nikashinda nalo barazani. Nyuzi zake ni za chuma, na upepo wa bahari hauchelewi kuzitia kutu. Kwa hiyo Somoe kila akimaliza mazoezi huzifuta jasho kwa kipande cha kanga, uzi mmoja mmoja, zote sita. Umeme ukikatika, gitaa lile halinyamazi kabisa. Linabaki na kasauti kembamba kanakosikika kwa aliye karibu tu. Hapo pana hadithi. Ila tafadhali, usilete ngoma za sindimba zije kuokoa shoo. Tumeshazisoma mno.

Kubwa zaidi, muziki hausikiki kwenye karatasi. Ukiandika "aliimba kwa sauti tamu" hujaandika kitu. Mwandike anayesikiliza: muuza pweza kaacha kupepea jiko, mteja kashika kijiti bila kula. Mashairi ya wimbo, mistari miwili inatosha, tena utunge mwenyewe. Ya msanii mwingine yana mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda. Halafu kwa kuwa Harmonize ni mtoto wa Mtwara, msomaji atayatafuta maisha yake humo ndani. Mnyime. Somoe ni msichana, ana kigugumizi, na Dar haendi.

Umaarufu wake mpe mtu mwingine ausimulie, maana staa akijisimulia ama atajisifu ama atajililia. Kwangu anasimulia mdogo wake, anayepakia amplifaya kwenye bajaji na kujua nani anadaiwa nauli. Nilipowasomea rasimu wasichana fulani wa Shangani ya Mtwara, tamasha halikuwashughulisha sana. Walichotaka kujua ni mama alisema nini Somoe aliporudi saa nane usiku. Tamasha nikalibakizia aya mbili, ugomvi wa mlangoni nikaupa sura nzima.