Je, inafaa kumpunguzia kijana umri ili achukuliwe na akademi ya mpira?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mkulima wa korosho, Newala. Namlea mpwa wangu. Mama yake, dada yangu, ametangulia mbele ya haki. Kijana ana miaka 17 ila umbo lake ni dogo, na mpira anaujua. Kocha wa akademi moja ya Dar es Salaam alimwona kwenye ndondo Masasi. Amesema watamchukua na kumsomesha bure, ila cheti cha kuzaliwa kisome miaka 14. Kijana hana cheti, nami nimeambiwa nikale kiapo kwa wakili ndipo RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi, watoe. Kocha ameniachia laki mbili za kuanzia. Ustadhi mmoja hapa kwetu anasema hapana ubaya: umri wa watu wa vijijini ni wa kukisia, mpira ni mchezo tu, na sisi tuna dhiki. Moyo wangu unasita. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Allah amrehemu dada yako, na akulipe kheri kwa kumshika mwanawe.

Haifai. Usile kiapo hicho. Ningeweza kuishia hapo, lakini jibu ulilopewa na ustadhi limeniuma, na najua si wewe peke yako uliyelisikia. Kila michezo ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, ikikaribia, habari za mamluki zinaanza: kijana aliyekwisha kumaliza shule anavalishwa sare, anapewa jina la mwanafunzi, na anayempanga ni mwalimu tunayeswali naye Ijumaa safu moja. Watu wamelizoea jambo hili mpaka anayelikataa ndiye anayeonekana mkorofi.

Tuanze na hilo la kukisia. Anayekisia kwa sababu hajui, huyo ana udhuru. Wewe umeniandikia 17 bila kusita. Kijana kasoma, rekodi zake za darasa la saba zipo. Na hata karatasi zote zikiliwa na mchwa, watu wa Newala tuna jando. Muulize mzee yeyote hapo mtaani atakutajia mpwa wako aliingia jandoni mwaka gani, na akina nani. Wenzake hao leo wana ndevu. Sasa huyu mmoja atabakije na miaka 14? Na nyumbani itakuwaje: utamwamrisha swala na saumu kama baleghe, kisha uwanjani umwite mtoto?

Halafu ustadhi amekiruka kiapo, na kiapo ndicho kiini cha swali lako. Katika Sahihi Bukhari, Mtume (s.a.w.) alipotaja madhambi makubwa alitaja kumshirikisha Allah, kuwaasi wazazi, kuua nafsi, na yamini ghamus, yaani kiapo cha uongo anachokila mtu huku anajua. Na katika hadithi ya Abu Bakra, iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume alikuwa ameegemea. Alipofika kwenye kauli ya uongo na ushahidi wa uongo akaketi sawasawa, akalirudia neno hilo mpaka Masahaba wakatamani anyamaze. Jambo lililomfanya Mtume aketi, sisi tunalimaliza mbele ya wakili kwa dakika tano, tena tunaanza na Bismillahi!

“Mpira ni mchezo tu.” Mashindano ya farasi nayo yalikuwa michezo, na Mtume ndiye aliyeyapanga. Ibn Umar amesimulia kwamba farasi waliofanyishwa mazoezi walishindanishwa kutoka Hafyaa mpaka Thaniyyatul Wadaa, na wale wasiofanyishwa mazoezi wakapewa mbio zao fupi, kutoka Thaniyya mpaka msikiti wa Bani Zurayq. Kila kundi na wenzake. Huo ndio uadilifu ambao mashindano ya umri yamewekewa. Na Ibn Umar huyohuyo anasema aliletwa mbele ya Mtume siku ya vita vya Uhud akiwa na miaka 14, akakataliwa. Akaletwa siku ya vita vya Khandaq akiwa na miaka 15, akakubaliwa. Umri ulihesabiwa mbele ya Mtume, na aliyekataliwa alisubiri. Hakuna aliyemwongezea mwaka ili akapigane jihadi. Leo sisi tunapunguza mitatu kwa ajili ya mpira.

Ama dhiki, naijua. Najua msimu wa korosho ukienda vibaya nyumba inakuwaje. Lakini darura inayohalalisha haramu ni ile ya kuhofia roho au kiungo, na iwe hakuna mlango mwingine. Tena darura haikupi ruhusa ya kula haki ya mtu. Yupo mtoto wa miaka 14 wa kweli, huenda ni yatima pia, ambaye kitanda chake pale akademi atakilalia mpwa wako.

Na uongo huu haukai. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, walikuwa wameshafuzu kwenda Gambia, fainali za Afrika za chini ya miaka 17, wakaondolewa kwa sababu ya mchezaji mmoja aliyezidi umri, na Zimbabwe wakaenda badala yao. Vijana wote waliosema kweli walibaki nyumbani na yule mmoja. Mwaka 2017 mambo yaligeuka: Kongo Brazzaville walitutoa uwanjani, lakini wakashindwa kumleta mchezaji wao kwenye kipimo cha umri, sisi tukaenda Gabon. FIFA nao wameanza kupiga picha za MRI za kifundo cha mkono, kuona mfupa umekomaa kiasi gani, tangu Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 la 2009, Nigeria. Mfupa haujui kula kiapo.

Utaniuliza pesa atakayoipata. Wanazuoni wa zama hizi wamesema aliyeingia kazini kwa cheti cha uongo, akawa anaiweza kazi yake, ujira wa kazi hiyo ni wake na dhambi ya uongo inabaki kutubiwa. Lakini zawadi na nafasi ya mashindano ya umri haziingii humo, maana sharti lenyewe lilikuwa ni umri.

Sasa mpwa wako. Miaka 17 si uzee wa mpira. Zipo timu za vijana za chini ya miaka 20, na ligi ya wakubwa haiulizi mtu ana miaka mingapi. Klabu ya Namungo imetoka Ruangwa, hapa hapa kusini, na msimu wa 2020/21 ilicheza makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mtafutie cheti cha kweli, umpeleke kwenye majaribio akiwa na umri wake. Kama shule imesimama, muulizie nafasi chuo cha ufundi cha VETA Mtwara. Mazoezi ya jioni hayamzuii kushika fundi.

Na zungumza naye wewe mwenyewe. Wewe ni mjomba, kwa mila zetu hakuna mwenye neno zito kwake kuliko wewe. Usimwambie “sheikh amekataa.” Mwambie umekataa wewe, na kwa nini, kabla kocha hajampigia simu. Atakasirika, mvumilie.

Zile laki mbili mrudishie kocha mbele ya shahidi. Ikiwa umekwisha kuzitumia, ni deni. Mwombe akusubiri mpaka mnada wa korosho, na muandikiane. Na hati ya kiapo, kama wakili ameshaiandaa, usiitie sahihi.

Wallahu aalam.