Tule nyanya, au tule, nyanya?

SWALI: Nafundisha Kiswahili darasa la tano hapa Lira, Uganda. Wanafunzi wangu hutia mkato kila wanapovuta pumzi. Niwafundisheje kuuweka mahali pake?

JIBU: Mwalimu, kanuni ya pumzi haimfai mtoto ambaye nyumbani hasikii Kiswahili. Yeye bado anasoma neno moja moja, hivyo pumzi yake hukatika popote. Ndipo anapoandika: "Watoto wote waliochelewa jana asubuhi, wanafagia uwanja." Mkato huo umemtenga mtenda na kitenzi chake, ufutwe. Mzoeshe kuuliza: nani anafanya nini, na nani anaambiwa?

Anza na wito. Andika ubaoni bila mkato: "Mama Okello amekuja." Nani amekuja? Watasema mama yake Okello. Sasa kata karatasi umbo la mkato, mtoto mmoja aibandike baada ya "Mama". Aliyekuja ni Okello, na mama ndiye anayepewa habari. Rudia kwa "Mwalimu Akello anakuita", halafu "Tule nyanya". Bila mkato, nyanya ni ya kachumbari. Ukiuweka baada ya "Tule", ni bibi anayekaribishwa chakula. Tafadhali usitafsiri ule mfano wa Kiingereza wa kumla bibi, "Let's eat Grandma". Kiswahili husema "tumle", na kiambishi "m" kimeshaondoa utata kabla mkato haujafika.

Orodha ni nyepesi mpaka "na" zirundikane. "Tulikula posho na maharage, matoke na karanga na chapati." Chapati ililiwa pamoja na matoke au peke yake? Kwa kawaida hatuweki mkato kabla ya "na" ya mwisho, lakini hapa uwekwe: "matoke na karanga, na chapati".

Kishazi chenye "ki" au "po" kikitangulia, kifuatwe na mkato: "Kengele ikilia, tokeni nje." Kikija nyuma, hauhitajiki: "Tokeni nje kengele ikilia."

Sentensi nne kwa kipindi zinatosha, na wito upewe wiki nzima kabla ya kugusa orodha. Unaposahihisha daftari, usizungushie kosa kwa wino mwekundu ukaishia hapo. Andika pembeni maana iliyotokea: "Umesema mama yake Okello ndiye aliyekuja." Mwache atafute mwenyewe pa kuuweka mkato, kisha akusomee tena.