Daraja la kerneli kukawia sekunde 30

Ndugu yangu wa Moshi, nimekuelewa: ukiongeza poti kwenye daraja la Linux (swichi ya programu iliyo ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo), ping haipiti kwa sekunde 30 hivi, kisha inapita, nawe unashuku msimbo uliobadilisha. Kabla hujaufumua, andika `bridge link`. Ukiona listening, halafu learning, hiyo ni STP, itifaki inayozuia vitanzi (njia za mtandao zinazojizungukia). Kila hatua husubiri sekunde 15. Msimbo wako hauhusiki.

Zima STP ujaribu, ila ndani ya mashine pepe tu, kwa veth (jozi ya kadi za mtandao za kiprogramu). Tafadhali usijaribu kwenye swichi ya ofisi bila msimamizi wa mtandao kuwepo: fremu (vifurushi vya data) za Etheneti hazina TTL, yaani kihesabu cha kutupa kifurushi kilichozunguka mno, kwa hiyo kitanzi kimoja huzizungusha mpaka mtandao wote ulale.

Tena, kuhusu msimbo wako: njia ya kupokea fremu ndani ya kerneli hairuhusiwi kulala, yaani kusimama ikisubiri; omba kumbukumbu kwa GFP_ATOMIC, alama ya kuomba bila kusubiri.