Amenikwamisha kwenye mashine ya kulipia, nimwambieje?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Leicester, Uingereza. Asubuhi nikitoka napitia supamaketi, mkononi nina maziwa na mkate tu, na basi langu ni la saa mbili na dakika kumi. Kwenye mashine za kujilipia, ambako mteja anapitisha bidhaa na kulipa mwenyewe bila keshia, namkuta mmoja kaja na toroli limefurika, mwingine anatafuta picha ya tangawizi kwenye skrini, na mzee mmoja kasimama tu, hafanyi lolote. Juzi nilisonya, yule mzee akageuka akanitazama. Nimwambieje mtu kama huyo afanye haraka bila kumkosea adabu?
Msomaji, Leicester

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole na zamu za usiku. Kusonya usirudie. Mzee ni mzee, awe wa kwenu au wa kwao.

Nilifanya kazi ya kusimamia mashine hizo huko huko Uingereza, na wengi waliosimama tu walikuwa wananingoja mimi. Siku nyingine, itazame taa iliyo juu ya mashine. Ikiwa nyekundu, basi mteja amefungiwa, hana analoweza kufanya. Pale anapoweka mifuko pana mizani chini yake. Mashine inajua uzito wa kila bidhaa, na isipolingana na kilichowekwa inagoma. Mfuko mzito aliotoka nao nyumbani unatosha kuigomesha. Akinunua chupa ya mvinyo au kisu cha jikoni pia inasimama, kwa kuwa sheria ya huko inataka mnunuzi awe na miaka 18, na mashine haioni mvi. Lazima mfanyakazi aje athibitishe. Nilikuwa peke yangu na mashine nane, huku naitwa kila upande. Babu wa watu angefanya nini?

Wa tangawizi naye mvumilie. Mboga za kupima hazina mistari ya kusomwa na mashine, kwa hiyo ni kufungua picha moja baada ya nyingine. Unaweza kumwambia kwa upole, "Samahani, nikuonyeshe ilipo?" Ila omba kwanza, na usiguse vitu vyake. Wenyeji hawapendi, na mkono wako ukiegemea ile mizani mashine itagoma tena, mchelewe nyote wawili.

Mwenye toroli ndiye mwenye makosa, hapo nakuunga mkono, endapo sehemu hiyo ina kibao cha vikapu tu. Lakini mwambie mhudumu, ni kazi yake kumwelekeza. Kama hakuna kibao, na kaunta za makeshia zote zimefungwa saa hiyo, mtu huyo alipeleke wapi toroli lake?

Kwangu mimi kero yako inaanzia hapo. Duka limepunguza makeshia, kazi yao amepewa mteja asiyefunzwa wala kulipwa, halafu wateja wanakunjiana nyuso. Linaniuma jambo hili, maana niliwaona wazee wakitetemeka mikono kwa aibu kwa sababu ya watu walio nyuma yao. Wengine walitaka kulipa sarafu, na mashine nyingi zinataka kadi tu.

Tena duka likiamua linaweza kubadili. Booths, supamaketi za kaskazini mwa Uingereza, zilitangaza Novemba 2023 kwamba zinaondoa mashine hizi na kurudisha makeshia. Kati ya maduka yake 28 ni mawili tu yaliyobakiziwa. Walieleza kuwa wateja wao wenyewe ndio waliosema mashine ni za polepole na haziaminiki.

Kwa hiyo mwandikie meneja wa duka lako. Taja siku na saa, eleza kwamba wanaotoka zamu ya usiku wanapita hapo kabla ya saa mbili, na uombe kaunta moja yenye keshia iwe wazi wakati huo. Washirikishe wenzako wa kazini nao waandike, kila mmoja barua yake.