Umekwama ukurasa wa 60? Usiifunge bado

Ndugu, umesema The Name of the Rose, riwaya ya Umberto Eco kuhusu mauaji kwenye monasteri, imekushinda ukurasa wa 60: watawa wengi, Kilatini kingi, muuaji haonekani. Nakuelewa, mimi niliiacha mara mbili. Marafiki na wahariri walimshauri Eco apunguze kurasa mia za mwanzo, akakataa. Uzito huo ni wa makusudi.

Andika majina ya watawa kwenye karatasi, kila mmoja na kazi yake: wa maktaba, wa dawa, wa stoo. Kisa ni cha siku saba za mwaka 1327, na kila siku imegawanywa kwa vipindi vya sala. Ukishajua Masifu ya Jioni husaliwa wakati gani, hupotei tena. Kilatini kiruke, au muulize padri wa parokia (wangu alifurahi mno, akanichelewesha chakula). Ila ubishi wa Wafransisko (watawa wa shirika la Fransisko wa Asizi) na Papa Yohane XXII kuhusu umaskini wa Kristo usiuruke, ndio unaowaleta wageni kwenye monasteri hiyo.

Muhtasari wa mtandaoni usiuguse, utakutajia muuaji mstari wa pili. Ukifika siku ya tatu na bado huoni raha, irudishe maktaba bila aibu.