Jibu kuhusu bastola ya binamu yako wa Alaska

Kaka, umeuliza binamu yako aanzie wapi kuirekebisha hiyo bastola yake ya kuwindia, inayotumia risasi ya .44 Magnum. Aanze na mpini. Risasi hiyo, iliyotoka mwaka 1955, ina teke kali, na mpini wa mpira unaoujaza mkono vizuri humsaidia kuliko mapambo yoyote. Mtutu wa inchi 6 hulenga vyema kuliko wa inchi 4, ila ni mzito kiunoni. Ndiyo maana wawindaji wa kule huivaa kifuani, kwenye ala ya ngozi yenye mikanda: haigongani na shanta, na akivuka mto hailowi upesi. Kama ni ya muundo wa kizamani, tundu la risasi lililo chini ya nyundo, kile kipande kinachogonga risasi, aliache tupu, tafadhali sana, maana bastola ikianguka inaweza kufyatuka.

Lakini akija Malindi likizo aiache hukohuko. Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, na silaha bila leseni ni jela. Nyati wa Tsavo tunawatazama tu, na mimi nafurahi kwamba bado wapo.