Kabla ya Kubeba Darubini: Namna ya Kusoma Utabiri wa Kivuli cha Asteroidi

Mtu anayeanza kufuatilia asteroidi, yaani miamba midogo inayolizunguka Jua, zinapopita mbele ya nyota na kuizima kwa muda, huvutiwa kwanza na ramani ya mahali kivuli kitakapopita. Huona ukanda mwembamba umechorwa juu ya nchi, huona unapita karibu na kwao, na papo hapo huanza kupanga safari. Ushauri wangu, baada ya miaka kadhaa ya kukokotoa matukio haya kwa ajili yangu na wenzangu hapa Tanzania, ni kwamba ramani isomwe mwisho. Kinachostahili kusomwa kwanza ni ile namba ndogo inayotaja kiwango cha shaka, kwa kuwa ndiyo inayoamua iwapo safari ina maana.

Msingi wa hesabu si mgumu. Nyota iko mbali mno hata miale yake hutufikia ikiwa sambamba, kwa hiyo kivuli cha asteroidi kinapoangukia Dunia huwa na upana unaokaribia kipenyo cha asteroidi yenyewe. Asteroidi ya kilomita 30, ambayo kivuli chake kinakwenda kilomita 15 kwa sekunde, itaizima nyota kwa sekunde mbili tu kwa aliye katikati ya ukanda, na pungufu ya hapo kwa aliye pembeni. Kujua kivuli kitapita wapi kunahitaji mambo mawili: mahali hasa ilipo nyota, na mahali hasa ilipo asteroidi wakati huohuo. Kosa katika lolote kati ya hayo huuhamisha ukanda mzima.

Ni vizuri kila mtu akokotoe ukubwa wa kosa hilo kwa mkono wake walau mara moja. Igawe digrii moja kwa 3,600 upate sekunde ya tao, kisha uigawe sekunde hiyo kwa elfu moja. Pembe inayobaki, milisekunde ya tao, ikipimwa kwa umbali wa kilomita milioni 150, yaani umbali kati ya Dunia na Jua, ni sawa na mita 730 hivi. Asteroidi nyingi zilizo kati ya Mirihi na Mshtarii huwa mbali nasi kiasi cha mara mbili ya hapo, kwa hiyo kila milisekunde ya kosa hukisogeza kivuli kwa takriban kilomita moja na nusu. Kosa la milisekunde 20 ni kilomita 29, na asteroidi ya kilomita 10 imekwisha kukupitia kando.

Zamani mzigo mkubwa wa shaka ulikuwa upande wa nyota. Katalogi ya mwaka 1997 iliyotokana na chombo cha anga cha Hipparcos ilikuwa na nyota takriban 118,000 zilizopimwa vizuri, lakini nyota hujongea, na kosa dogo katika kasi ya mjongeo huo hulimbikizana mwaka hadi mwaka. Chombo cha Gaia, kilichorushwa Desemba 2013 na shirika la anga la Ulaya, kilibadili hali hiyo: toleo lake la 2022 lina nyota zaidi ya bilioni 1.8, na zile zenye mwanga wa kutosha zimepimwa kwa kosa lililo chini sana ya milisekunde moja. Hata hivyo, usiipokee nyota ya Gaia bila kuikagua. Tazama safu iitwayo RUWE, namba inayoonyesha vipimo vya nyota vinalingana kiasi gani na mwendo wa nyota moja. Thamani iliyo karibu na 1 ni njema, ikivuka 1.4 mimi huanza kushuku kwamba nyota ni pacha au vipimo vyake vina kasoro, na tukio hilo hulishusha daraja hata kama ukanda unapita juu ya paa langu.

Siku hizi, basi, shaka kubwa imebaki kwa asteroidi. Angalia imefuatiliwa kwa miaka mingapi na ilipimwa lini mara ya mwisho. Kisha tenganisha makosa mawili ambayo wengi huyachanganya. Kosa lililo katika mwelekeo wa mwendo, yaani asteroidi kuwahi au kuchelewa katika njia yake ileile, hubadili zaidi saa ya tukio. Kosa linaloikata njia ndilo linalousogeza ukanda pembeni. La kwanza ndilo huwa kubwa kwa kawaida, na dawa yake ni rahisi: anza kurekodi mapema na uchelewe kuzima. La pili halina dawa ila kuwa na watazamaji wengi.

Mfano ninaoupenda ni Arrokoth, gimba dogo lililo mbali kupita sayari ya Neptuni, iliyogunduliwa mwaka 2014 kwa darubini ya angani ya Hubble, ikiwa mbali kiasi kwamba milisekunde moja tu huko ni kilomita 31 hivi, karibu urefu wa Arrokoth yenyewe. Tarehe 3 Juni 2017 watafiti walipanga darubini Argentina na Afrika Kusini, na hakuna hata moja iliyoona nyota ikizimika. Walisahihisha hesabu wakitumia vipimo vya Hubble na Gaia, na tarehe 17 Julai, huko Patagonia, darubini tano zilikinasa kivuli. Mwaka uliofuata, tarehe 4 Agosti, zamu ilikuwa ya Senegal na Kolombia. Chombo cha anga cha Marekani, New Horizons, kilipofika huko tarehe 1 Januari 2019, kilikuta umbo la vipande viwili vilivyoshikana, jambo ambalo vivuli vya Patagonia vilikuwa vimekwisha kulidokeza.

Kwa hiyo, sigma moja, yaani ile namba ya shaka iliyoandikwa kwenye utabiri, ikiwa ndogo kuliko upana wa ukanda, safiri hata peke yako. Ikiwa mara tatu ya upana huo, pangeni watu kadhaa kwa kuukata ukanda, si kwa kuufuata, kwa sababu wawili waliokaa juu ya mstari mmoja wa kivuli hupata kipimo kilekile.

Kuhusu saa, utabiri huandikwa kwa saa za ulimwengu. Saa 19:42 huko ni saa nne na dakika 42 usiku kwetu, na kuanzia saa 21:00 tarehe yetu imekwisha kubadilika. Katika ujumbe kwa wenzangu huandika daima “usiku wa kuamkia” tarehe fulani, maana bila hivyo nusu ya kundi hutokea siku isiyo yake. Majira ya tukio lenyewe yachukuliwe kwa GPS. Kosa la sekunde moja kwa kivuli kile cha kwanza ni kilomita 15.

Aliyekaa nje ya ukanda akaona nyota ikiwaka bila kukatika naye atume taarifa yake, pamoja na latitudo, longitudo, na saa aliyoanza na kumaliza, kwani ndiye anayeweka mpaka wa umbo la asteroidi. Aliyefunikwa na mawingu aandike mawingu, asiandike kwamba nyota haikuzimika.